Ruta Ina Funguo Mbili

Fundi aliyeniwekea waifai alisema nitumie nywila iliyoandikwa chini ya ruta na nisiguse kitu kingine. Kuna ubaya? (Mama, Langoni, Lamu)

Upo, mama. Ruta, kile kisanduku kinachorusha waifai, ina funguo mbili. Wa kwanza ndio unaowapa wanao waingie kwenye intaneti. Wa pili hufungua ruta yenyewe, na anayeushika anaweza kukufungia nje, hata kuipeleka simu yako kwenye tovuti bandia ya benki. Ruta nyingi, hasa za zamani, hutoka dukani na jina "admin" na nywila "admin", na kila mwizi anajua. Mwaka 2016 programu haribifu iitwayo Mirai iliteka kamera na ruta mamia ya maelfu kwa kujaribu tu maneno ya aina hiyo.

Ukiwa kwenye waifai ya nyumbani, fungua kivinjari cha simu na uandike namba iliyo kwenye kibandiko, aghalabu 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Ingia, tafuta nywila ya msimamizi, yaani ule ufunguo wa pili, ibadilishe. Kisha nenda upande wa waifai uchague aina ya ulinzi iitwayo WPA2, au WPA3 kama ipo. Ukikuta WEP, ulinzi wa zamani unaovunjika kwa urahisi, usilale nayo hata usiku mmoja. Nywila ya waifai iwe ndefu: maneno manne yasiyohusiana ni bora kuliko jina la mtoto na mwaka aliozaliwa. Ukimaliza, angalia kama kuna toleo jipya la programu ya ruta, uliweke.

Nina nyumba ya wageni Shela. Kila mgeni anapewa nywila ileile, na wengine wameshaondoka miezi. Nifanyeje?

Ndugu yangu, washa mtandao wa wageni. Ruta nyingi za sasa zinao. Wageni wapate intaneti tu, wasiione kamera yako, printa wala kompyuta ya hesabu. Nywila ya huko ibadilishe kila msimu. Ile ya kwako asipewe mgeni yeyote, hata akiwa rafiki wa miaka.

Nyumba yetu ya Mkomani ni ya zamani. Ruta iko ukumbini, chumba cha ndani hakipati kitu. Ninunue kubwa zaidi?

Usinunue bado. Kuta zetu ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene kuliko urefu wa mkono mpaka kiwiko, na mawimbi ya waifai huchoka humo. Nimeingia nyumba nyingi nikakuta ruta imewekwa vizuri ndani ya kidaka, kati ya sahani na kombe za mapambo. Inapendeza macho, lakini pale imezungukwa na jiwe pande zote isipokuwa mbele. Itoe, uiweke juu, karibu na mlango unaotazama uwanja wa ndani. Hewa wazi haizuii kitu. Chumba cha mbali kiunganishe kwenye mawimbi ya gigahezi (GHz) 2.4, ambayo hupenya ukuta vizuri kuliko yale ya 5, ingawa ni ya polepole. Ikishindikana, vuta waya mmoja kupitia uani na uweke kifaa cha pili cha kurusha waifai mwisho wake. Waya huo hautakuangusha.

Nikificha jina la waifai, je, niko salama?

La. Programu ya bure kwenye kompyuta huliona. Unajisumbua mwenyewe tu.

Nimebadilisha nywila mara mbili, na bado kijana wa jirani anaingia. (Baba, Gardeni)

Baba, kwanza waulize watoto wako kwa upole: simu iliyounganishwa huweza kuonyesha msimbo wa kuskani, na jirani akapiga picha. Kama sio hivyo, zima WPS, njia ya kuunganisha kifaa kwa kitufe au namba fupi badala ya nywila. Namba yake ya siri ina tarakimu 8, lakini ruta huikagua nusu nusu, na tarakimu ya mwisho hutokana na zile za mbele. Hivyo badala ya kubahatisha mara milioni nyingi, majaribio 11,000 yanatosha. Kasoro hiyo ilitangazwa mwaka 2011, na bado nakuta WPS imewashwa. Izime kwanza, kisha ndipo ubadilishe nywila mara ya tatu.