Muulize Ami: Burudani za pembeni kwenye usiku wa resi, zibaki au ziondoke?

SUALI: Assalaam alaykum Ami. Shemeji yangu anakaa Marekani, North Carolina, na Jumamosi za msimu anawapeleka watoto kuangalia resi za magari, zile za viwanja vidogo gari zinazunguka duara fupi tu, halafu anatutumia klipu kwenye grupu la familia. Juzi katuma malalamiko badala ya klipu. Anasema kati ya resi na resi waliletewa mchekeshaji, fulana zikarushwa jukwaani, watoto wakashindanishwa baiskeli, mwisho likaja gari la matairi makubwa kukanyagakanyaga magari mabovu, mpaka resi kuu inaanza watoto washalala na yeye akaondoka bila kuiona. Hapa maskani tumegawanyika, mie nasema vitu hivo ndo vinavojaza uwanja, wenzangu wanasema ni uharibifu wa siku hizi na kuwaibia watu walolipa kuona resi. Na linatuhusu, maana vijana wetu wanataka kufanya resi za ngalawa Sikukuu na wanabishana kama wamwite diijei. Unaonaje? Msomaji, Mikunguni.

JIBU: Waalaykum salaam mwanangu. Burudani zibaki. Ila huo uwanja alokwenda shemeji yako wamekosea kwenye saa, na kosa la saa kwenye resi si dogo.

Hebu kwanza resi zenyewe, maana wengi hapa wanaijua Formula 1 tu. Kule kiwanja kinaitwa kifupi kama mzunguko wake haufiki maili moja. Hapo hapo North Carolina, mji wa Winston-Salem, kuna Bowman Gray Stadium, robo maili tu, kama mita 400, lami imezunguka uwanja wa futiboli ya Kimarekani na resi za kila wiki za NASCAR, chama kikubwa cha resi za magari Marekani, zipo pale tangu 1949. Uzuri wake ukikaa jukwaani unaziona gari zote mwanzo mpaka mwisho, zinasukumana bampa kwa bampa, na dereva unayemshangilia mara nyingi ni fundi au muuza duka wa hapo hapo, Jumatatu yupo kazini kama wewe.

Lakini usiku mmoja si resi moja. Kuna madaraja ya magari, kila daraja na resi zake, na katikati kuna kupanga gari foleni, kuvuta zilizogongana, kufagia vipande, na kama kiwanja cha udongo basi kukimwagia maji na kukishindilia. Yanakuwepo matundu, dakika kumi hapa, robo saa pale, na mtoto wa miaka sita huwezi kumwambia akae atazame uwanja mtupu. Tundu lipo, lijaze.

Wala si uharibifu wa siku hizi kama wanavosema wenzako. Joie Chitwood alikuwa dereva khasa, kakimbia Indianapolis 500, resi kubwa ya magari ya Marekani, mara 7 kati ya 1940 na 1950, na huyo huyo ndo alozunguka Marekani na kikosi chake cha maonesho, gari inakwenda kwa matairi mawili ya upande mmoja watu wameshika vichwa. Lakini hatari nayo ipo. Bob Chandler wa St. Louis alipokanyaga magari mabovu kwa gari lake la matairi makubwa, Bigfoot, mwaka 1981 ilikuwa ni kitu cha kustaajabisha tu, haukupita muda magari ya namna ile yakawa yanajaza viwanja vikubwa yenyewe peke yake. Sasa mwenye uwanja anayeliweka gari kama hilo kabla ya resi kuu ajue ameweka kitu kinachoweza kuimeza resi, watu wakishaliona wanabeba watoto wao wanaondoka, na madereva waloshinda wiki nzima gereji kwa pesa zao wanakimbia mbele ya viti vitupu. Hilo linaniuma kuliko kiingilio cha shemeji yako. Zawadi za viwanja hivi mara nyingi hazilipi hata matairi, kinachomrudisha dereva ni watu, ukimwondolea watu umembakishia nini?

Burudani niipendayo mie ni ile ya kuzisimamisha gari kwenye lami mbele ya jukwaa na kuwaacha watu washuke. Mtoto anabebwa anapitishwa dirishani, maana milango ya gari nyingi za resi haifunguki, anakaa kwenye kiti, miguu haifiki popote, anashika usukani, na dereva anamtilia saini kwenye kofia. Wiki ijayo mtoto huyo anamsumbua baba yake kwa ajili ya gari ile ile, hamtaki mchekeshaji.

Pemba hili wanalijua siku nyingi. Kwenye mchezo wa ng'ombe zumari na ngoma hazipo pembeni, ndo zinazompandisha ng'ombe na kumtia moyo anayemchezea, na kinamama wanaimba mchezo ukiendelea. Nyamazisha zumari uone kama watu watakaa.

Tuje kwenye ngalawa zenu. Diijei aje, lakini wekeni saa yake kwa kutazama maji. Gari ikichelewa nusu saa inasubiri, bahari haisubiri, mkimpa nafasi ya kupiga nyimbo mbili zaidi na maji yanakupwa mtazikuta ngalawa zimekaa mchangani na manahodha wamekunja mikono. Wakati wake ni pale ngalawa zikishatoka nje zimebaki matanga tu kwa mbali, walobaki pwani hawana cha kuangalia muda mrefu, hapo apige anavotaka. Zikigeuka kurudi azime, watu wasikie manahodha wanavopiga kelele na wenyewe wanavowajibu kutoka pwani. Na zawadi za washindi zitengwe mwanzo kabisa, kabla ya kulipa spika. Mkibakiwa na kidogo, chukueni spika ndogo.

SUALI: Ami, nimeona klipu za hizo resi magari yanagongana makusudi mpaka libaki moja linalotembea. Si israfu hiyo, na watoto wanaangalia? Msomaji, Wete.

JIBU: Gari zile nyingi zimeshachoka, zilikuwa zinakwenda kwenye vyuma chakavu. Vioo vinatolewa vyote, tangi la mafuta linahamishwa lisigongwe, milango inachomelewa au inafungwa minyororo, na kuupiga mlango wa dereva makusudi ni marufuku, unatolewa. Kwa hiyo mie sioni israfu kubwa, ingawa kwetu hapa ambapo bodi ya gari inaliwa mpaka skrubu ya mwisho naelewa moyo wako unavoumia. Kwa watoto mzee wao aamue. Ninachosisitiza ni kuwa iwekwe mwisho wa usiku resi zote zishamalizika, kwa sababu mafuta na vyuma vinavobaki chini vinachukua muda mrefu kusafishwa, na anayetaka kumpeleka mwanawe nyumbani anaondoka hajakosa kitu.