Unga Uumuke Gari Likiwa Barabarani

Ukihamia kwenye gari la kulala, usikimbilie kununua vyombo. Wiki za kwanza zinakutosha sufuria moja nzito yenye mfuniko, kikaango na kisu kikali. Mimi nilianza na seti nzima, na kwenye kila kona vyombo vilipigana kabatini mpaka injini nikawa siisikii. Nusu yake niliigawa.

Nilichochelewa kukielewa ni kwamba ukiwa unaendesha, chakula nacho kinaweza kuendelea kuandaliwa. Maharage loweka asubuhi kwenye chombo kinachofungwa vizuri. Jioni yanaingia kwenye sufuria ya presha na kuiva kwa gesi kidogo. Mkate nao ni hivyo hivyo, tena ndio unaonoga zaidi.

Kwa unga wa ngano gramu 500 mimi huweka maji mililita 325, chumvi kijiko cha chai kimoja na nusu, na hamira kavu kijiko cha chai kimoja. Ninakanda dakika 10, naweka donge kwenye bakuli lenye mfuniko, kubwa mara mbili ya donge lenyewe, kisha nalibana sakafuni nyuma ya kiti pasipopigwa jua. Siku ya joto saa moja yatosha, ya baridi hata tatu. Saa isikuhangaishe, tazama donge. Hatua ya pili, baada ya kulifinyanga, subiri mpaka uegeshe, maana barabara mbovu italitikisa lilale.

Kabla ya kuoka, libonyeze kwa kidole chenye unga. Kishimo kikirudi upesi, bado. Kikirudi taratibu, washa jiko. Kisiporudi kabisa, umechelewa, lakini oka tu, utalika.

Huna ovena? Sufuria ile nzito ndiyo ovena yako. Weka ndani yake kiwaya cha kuinua chombo kidogo cha mkate, funika, ipashe dakika 10 kwa moto mdogo, ndipo uingize donge. Baada ya dakika 40 hivi chini kutakuwa kumeiva na juu kungali kweupe. Geuza mkate na umalizie kwenye kikaango. Sufuria zenye utando wa kuzuia kugandisha hazifai kazi hii, kwani utando hauvumilii kupashwa mtupu. Na mawe ya mtoni usiyatumie badala ya kiwaya: yakiwa yamenyonya maji hupasuka.

Mkate wangu wa kwanza ulitoka na mgongo upande mmoja, kumbe gari lilikuwa limeinama. Siku hizi kabla ya kuwasha jiko naweka bakuli la maji mezani. Yakilalia upande, natafuta kibao cha kuweka chini ya tairi.

Kwenye gesi sina mzaha. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo ikivuja hutuama sakafuni, na wewe umelala hapo juu tu. Paka maungio ya mpira povu la sabuni utazame kama linatoa mapovu, kiberiti kisikaribie. Funga mtungi kabla ya kuondoka. Ukipika, fungua dirisha na tundu la paa hata kama kuna baridi, na ufunge king'ora cha kaboni monoksidi, hewa ya sumu inayotokana na moto, kwa sababu haina harufu. Jiko si la kuotea moto usiku, hata kwa dakika chache. Kukiwa na baridi kali chagua mtungi wa gesi ya propani. Ile ya butani hugoma kutoka joto likikaribia nyuzi sifuri.

Dirisha hilo hilo litakuokoa na mvuke. Sufuria ikichemka bila mfuniko, kuta hulowa, kisha godoro.

Ukipanda milimani usiulaumu mchele. Kwenye mita 2,000 maji huchemka kwenye nyuzi 93 hivi, basi ongeza dakika na maji kidogo.

Friji iwe chini ya nyuzi 5, na nyama nunua ya siku moja au mbili tu. Vyombo vyenye mafuta vifute kwa karatasi kwanza, ndipo uvioshe, maana tangi ni dogo. Samaki kaanga nje. Mimi nilikaangia ndani mara moja, mvua ikinyesha, na siku nne mfululizo mto wangu ulinuka samaki.