Nyuki wasitangulie

Mhariri, wiki hii mmeuliza kwa nini watu huhamisha chaneli makala ya historia ikianza, na dawa yake ni ipi. Naona tunawapa majibu kabla hawajawa na swali. Dakika ya kwanza yote inaliwa na tarehe, ramani na jiwe la kaburi.

Chukua mapigano ya Waingereza na Wajerumani hapa Tanga, Novemba 1914, katika Vita Kuu ya Kwanza. Kila mtu hukimbilia nyuki waliowavamia askari vitani, maana ndio wanaokumbukwa. Lakini mvutano umeanza mapema. Asubuhi ya tarehe 2 manowari ya Kiingereza, Fox, inafika na nahodha wake anautaka mji ujisalimishe. Hapo mji umeshashtuka. Meli zimebeba kikosi cha watu wapatao 8,000, wanaanza kushushwa Ras Kasone, kando ya mji, usiku. Von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, naye anawaleta askari wake kwa treni kutoka Moshi. Nani atawahi? Swali hilo pekee linabeba nusu ya kwanza ya kipindi. Nyuki waje zamu yao, tarehe 4, na wasipewe ushindi wote: waliuma pande zote mbili.

Picha za zamani ziskaniwe kwa upana usiopungua pikseli 4,000, ili ukisogea karibu kwenye skrini yenye upana wa pikseli 1920 zisivurugike. Anza na uso au mkono ulioshika bunduki, kisha fungua picha taratibu kwa sekunde sita hadi nane. Ukianza na picha nzima, jicho limeshamaliza kazi.

Wanaosimulia waliyorithi kwa babu zao wahojiwe saa tatu hadi saa tano asubuhi. Adhana ya adhuhuri ikiingia katikati ya sentensi, huwezi kuikata bila kuikata na sentensi. Waombe walirudie swali ndani ya jibu; “Ndiyo, walipita hapa” haimsaidii mhariri wa picha, kwani sauti ya muulizaji itaondolewa. Ufukweni kipaza sauti kivishwe manyoya, sponji peke yake haizuii upepo ule. Na kila mahali rekodi dakika moja ya ukimya wake, ndiyo ya kuzibia mapengo ya sauti wakati wa kuhariri. Ndani ya nyumba tumia fremu 25 kwa sekunde na shata ya sekunde 1/50, kwa kuwa umeme wetu ni wa hezi 50. Vinginevyo taa zitachezacheza kwenye picha.

Maigizo? Kama bajeti haivishi askari ishirini, piga miguu yao tu ikishuka kwenye behewa.