Miaka 9 si mapema mno

Swali lenu la wiki liliuliza kama msichana wa miaka 9 si mdogo mno kuchanjwa dhidi ya HPV, kirusi kinachosababisha saratani ya mlango wa kizazi na ambacho huambukizwa kwa njia ya ngono. Nami nilijiuliza hivyo mwaka 2024, Tanzania ilipopanua chanjo hiyo, iliyokuwa ikitolewa kwa wasichana wa miaka 14, iwafikie wote wa miaka 9 hadi 14 kwa dozi moja, na binti yangu akarudi na taarifa kutoka shuleni.

Muuguzi wa zahanati yetu alinieleza kwamba chanjo hii haiondoi kirusi kilichokwisha kuingia mwilini, bali huuandaa mwili kukizuia, na kwamba mwili wa mtoto hutengeneza kinga nyingi kuliko wa mtu mzima. Kwa hiyo umri mdogo, uliokuwa ukinitia hofu, ndio hasa sababu ya kuchanja. Kuhusu dozi moja, wasichana 930 wa Mwanza walishiriki utafiti uliolinganisha dozi moja, mbili na tatu, na baada ya miaka miwili karibu wote waliopata moja walikuwa bado na kingamwili, yaani chembe za kinga mwilini, dhidi ya aina ya 16 na ya 18 za kirusi hiki, ambazo husababisha takriban asilimia 70 ya saratani ya mlango wa kizazi.

Msichana anayeishi na VVU asihesabiwe sawa na wenzake: Shirika la Afya Duniani linashauri apate angalau dozi mbili, na ikiwezekana tatu, kwa kuwa kinga yake ni dhaifu na hatari ya saratani hii kwake ni kubwa zaidi. Mwanamke aliyevuka miaka 20 anaweza pia kuchanjwa, kwa dozi mbili, ingawa faida hupungua ikiwa ameshakutana na kirusi.

Wanaosema chanjo hii inafunga uzazi ningependa wangemjua marehemu dada yangu. Aliondolewa kizazi akiwa na miaka 38, naye alikuwa bado anatamani mtoto wa pili. Kilichomnyima mtoto huyo ni saratani, iliyogunduliwa kwa kuchelewa kwa sababu hakuwahi kupimwa.

Ndiyo maana, wiki aliyochanjwa binti yangu, mimi nilikwenda kupimwa saratani hiyo kwa siki inayopakwa kwenye mlango wa kizazi, kipimo cha dakika chache tu, na yeye atakapokuwa mtu mzima nitamhimiza apimwe vilevile, kwa kuwa chanjo haizuii aina zote za kirusi hiki.