Saa nyekundu isiyowaka: majibu kwa wenye saa za LED

SWALI: Nimeachiwa saa ya chuma yenye kioo chekundu kilichokolea. Haionyeshi kitu mpaka nibonyeze kitufe cha ubavuni. Sioni pa kurekebishia majira, ila mgongoni ina vishimo viwili. Ni saa gani hii?

JIBU: Ni saa ya LED, yaani ya taa ndogo za kielektroniki zinazounda tarakimu, kizazi cha miaka ya 1970. Kukaa giza mpaka ibonyezwe ndiko kunakoitambulisha: taa zake zinakula umeme mwingi, zikiachwa ziwake mfululizo betri haifiki mbali. Saa za LCD zilizokuja kuziondoa sokoni huonyesha wakati muda wote, kwa tarakimu nyeusi juu ya kijivu.

Vishimo vya mgongoni vinaelekea kwa Pulsar. Hamilton ya Marekani iliitangaza mwaka 1970, ikaanza kuiuza 1972 ikiwa na kasha la dhahabu ya karati 18, kwa dola 2,100. Nyuma ya vishimo hivyo kuna swichi za sumaku za kurekebishia majira, moja ya saa na nyingine ya dakika. Kijiti cha sumaku kilihifadhiwa kwenye kifungo cha mkanda. Kama kimepotea, sumaku yoyote ndogo yenye nguvu itafanya kazi. Usichokoe kwa pini, hakuna cha kubonyezwa mle. Na jina lisikudanganye: baadaye lilichukuliwa na Seiko, kwa hiyo "Pulsar" yenye mishale ni saa nyingine kabisa.

Kwa saa zisizo na jina linalojulikana, fungua mfuniko usome maandishi ya moduli (ule ubao wa ndani wenye chipu na tarakimu), si ya kasha. Moduli za kampuni za Hughes, Fairchild, Litronix na National Semiconductor ziliuzwa ndani ya makasha ya kila aina. Kasha la plastiki peke yake si dalili ya saa bandia: Texas Instruments walishusha bei chini ya dola 20 mwaka 1976 kwa saa za plastiki.

SWALI: Nimeweka betri mbili mpya. Nikibonyeza, namba zinawaka kidogo, zinafifia, kisha saa inaanza kuhesabu upya. Moduli imekufa?

JIBU: Haijafa. Soma maandishi ya betri kwanza. SR44SW (303) na SR44W (357) zina umbo moja, milimita 11.6 kwa 5.4, lakini ya kwanza ni ya saa zinazonyonya umeme kidogo kidogo. LED zikiwaka zinavuta makumi ya miliampea kwa mpigo. Betri isiyoweza kutoa kiasi hicho inaporomoka volti, chipu inasahau wakati. Unataka ile inayoishia na W pekee, bila S mbele yake. LR44 za alkali zitawasha saa, ila volti zake hushuka taratibu tangu siku ya kwanza. Kama nafasi ni fupi, yaani milimita 4.2, tafuta SR43W (386). Badilisha zote mbili kwa pamoja, na uangalie alama za chanya na hasi kwa kila shimo, maana mara nyingi moja hutazama juu na nyingine chini.

Kisha weka multimita (kifaa cha kupimia umeme) kwenye ncha mbili za nje za betri hizo mbili zilizounganishwa mfululizo. Bila kubonyeza utasoma karibu volti 3.1. Bonyeza: zikianguka hadi kwenye 2 na betri ni za aina sahihi, basi betri hizo ni za zamani dukani. Ukinzani wa miguso hausomeki ukipima kwenye betri zenyewe, kwa hiyo pima tena kwenye moduli, ng'ambo ya springi. Tofauti kati ya vipimo hivyo viwili ndiyo volti inayopotelea njiani.

Ukoko mweupe au wa kijani kwenye springi ni kemikali ya betri iliyovuja, nayo ni ya alkali. Lowesha kijiti cha pamba kwa siki nyeupe, kidogo tu, gusa ukoko mpaka uache kutoa mapovu, futa kwa maji yaliyochujwa, malizia kwa spiriti ya isopropili. Siki isiteremke chini ya moduli.

SWALI: Mstari wa katikati umepotea kwenye tarakimu zote nne. Fundi mmoja kaniambia LED zimeungua.

JIBU: LED nne haziungui mahali pamoja kwa bahati mbaya. Tarakimu hizi haziwaki kwa wakati mmoja. Zinapokezana haraka kiasi kwamba jicho halioni, na mistari inayofanana ya tarakimu zote inatumia njia moja ya umeme. Kwa hiyo:

Mstari uleule ukikosekana kila mahali, hitilafu iko kwenye njia hiyo: waya, kiungo, au mguu wa chipu. Tarakimu nzima ikikosekana, tazama njia ya tarakimu hiyo. Mstari mmoja kwenye tarakimu moja tu, hapo ndipo ulaumu LED au uzi wake.

Tumia lenzi ya kukuza mara 10. Utaona nyuzi zinazounganisha chipu na ubao, nyembamba kuliko unywele. Uzi uliokatika hauungwi kwa chuma cha kuchomea na solda. Usipulize, usipitishe brashi. Kama eneo limefunikwa kwa gundi ngumu, liache. Kuichimba kunavunja nyuzi zilizobaki nzima. Kinachobaki ni kutafuta moduli nyingine ya namba ileile.

Kuna hali moja ya haraka: tarakimu moja ikiwaka kwa ukali usio wa kawaida na nyingine zimezima, toa betri papo hapo. Kupokezana kumesimama, mara nyingi kwa sababu fuwele ya kwatsi, inayoipa saa mapigo, haitetemi, na tarakimu hiyo inabeba umeme wote mpaka iungue kweli. Fuwele hizi za 32,768 Hz huvunjika ndani saa ikianguka, bila alama nje.

SWALI: Betri zinaisha ndani ya mwezi ilhali sibonyezi sana.

JIBU: Pima mkondo, multimita ikiwa mfululizo na betri, kwenye kipimo cha maikroampea. Usibonyeze kitufe wakati huo: kipimo hicho kinabana umeme na saa itajifuta. Betri ya miliampea-saa 150 kwenye maikroampea 10 ina saa 15,000 za kulala; kwenye 200 ina saa 750, huo ndio mwezi wako. Mara nyingi ni kitufe kinachogusa nusu, au unyevu na chumvi kati ya njia za ubao. Toa moduli kwenye kasha, pima tena. Mkondo ukishuka, kosa ni la kitufe.

SWALI: Inakimbia sekunde 6 kwa siku.

JIBU: Ndani kuna kapasita ndogo ya kurekebishia mwendo, yenye mfereji wa bisibisi. Weka alama ya ilipo sasa. Zungusha kwa ncha ya plastiki, maana chuma chenyewe kinabadilisha mwendo, kwa kiasi kidogo kama cha mshale wa dakika kusogea dakika 2. Subiri saa 24, linganisha. Imezidi kukimbia? Rudi upande wa pili. Ikiwa inaruka-ruka bila mpangilio, ina kutu: izungushe kwenda na kurudi mara kadhaa kwanza.

SWALI: Kioo chekundu nikisafishe kwa asetoni?

JIBU: Hapana. Vingi ni plastiki, pamoja na lenzi ndogo zilizo juu ya tarakimu, vitayeyuka. Maji ya uvuguvugu na tone la sabuni, moduli ikiwa nje.