Maswali yenu kwa Fundi: Boti inajaa maji usiku na tundu halionekani

SWALI: Fundi shikamoo. Nina boti ya faiba futi 21, injini ya petroli iko ndani na mguu (ule wenye gia na propela) uko nje nyuma, aina ya MerCruiser Alpha One. Naifunga Msasani. Kila nikija asubuhi betri imelala, pampu imefanya kazi usiku kucha na ngama (kule chini maji yanapojikusanya) bado ina maji, nguruzi, kile kizibo cha tundu la kumwagia maji, nimeikagua iko poa. Kuna fundi kapaka silikoni kwa ndani kule tezi (ukuta wa nyuma wa boti) akachukua hela yake, maji yako palepale, saivi anasema tung'oe injini. Nimkubalie? – Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usimkubalie, angalau sio wiki hii. Na hiyo silikoni ikwangue yote, maji yanasukuma kutokea nje kwa iyo ukipaka ndani yanaibandua tu taratibu, alafu inatufichia njia yanapopita.

Mimi kwanza huwa nauliza maji yanaingia saa ngapi. Yako yanaingia boti imefungwa na injini imezimwa, hapo umeshanipunguzia kazi kubwa, kwasababu manifoldi, eksozi na hosi nyingi za kupozea hutoa maji pale injini inapozunguka. Imebaki hosi moja ya kuogopa, ile inayoleta maji ya bahari kutoka kwenye mguu, hiyo iko chini ya usawa wa maji muda wote, pitisha kidole chini ya klipu zake. Hakikisha pia sio mvua: chota maji kidogo paka mkononi, yakikauka ngozi ikabaki na weupe ni ya bahari. Weupe huohuo utafute na kwenye injini, chumvi ikikauka inaacha mchirizi, ufuate kwenda juu mpaka unapoanzia. Alafu angalia paipu ya pampu inatokea wapi ubavuni, kama tundu lake linazama boti ikiwa nzito basi maji unayoyatoa yanarudi ndani kwa njia ileile.

Hayo yakiwa sawa twende tezi. Tangu Volvo Penta walete mtindo huu 1959 tatizo lake halijabadilika, umetoboa tezi tundu kubwa chini ya maji na kinachozuia bahari isiingie ni buti, yaani mifuko ya raba yenye mikunjo. Kwako ziko tatu. Ya eksozi ikipasuka boti haizami, iache kwa leo. Kubwa ni ile inayofunika yujointi (kiungo kinachopeleka mzunguko wa injini kwenye mguu), ikichanika maji yanakula beringi iliyo nyuma yake, kwa iyo ukisikia mngurumo nyuma ukikata kona na injini inatembea, ujue. Ya tatu ni ndogo ya kebo ya gia, watu hawaikumbuki kabisa na mimi ndo naishuku kwako, maana maji yanapita nayo moja kwa moja hadi ngama.

Kausha ngama kwa tambara mpaka iwe kavu kweli, sio unyevunyevu. Paka poda ya mtoto pale ndani ya tezi kuzunguka sehemu mguu ulipofungwa. Washa feni ya kutoa mvuke wa petroli kwanza, injini iache imezimwa, chukua tochi ulale kifudifudi utazame, mwenzio apandishe na kushusha mguu polepole. Poda ikilowa utaona mstari mweusi unashuka, na pale juu unapoanzia ndo penyewe. Kama mstari unakuja mguu ukipanda tu, ni buti imechanika kwenye mkunjo, ukishushwa inajifunga.

Usipoona kitu ipandishe kwenye trela ufanye kinyume, mimina maji ndani yenye rangi ya chakula uangalie yanatokea wapi nje. Usifikishe kwenye stata, na kumbuka lita 200 ni kilo 200 zinazoongezeka kwenye trela, asilale mtu chini yake. Yakitoka pembeni pale mguu unapokutana na faiba ni gasketi ya tezi, hapo sasa ndo maneno ya kung'oa injini yana maana. Yakidondoka kwenye buti, unashusha mguu peke yake, unabadilisha zote tatu pamoja na ile beringi ukiikuta inakwaruza, kwasababu kazi ya kushusha ni ileile. Boti ikikaa majini muda mrefu vichaza vinaganda ndani ya mikunjo na ukipandisha mguu vinakata raba, kwa iyo uwe unaipandisha uisafishe.

SWALI: Boti yangu haiingii maji ila oili ya mguu imekuwa kama chai ya maziwa. Ni tundu lilelile la huyo wa juu? – Msomaji, Mtwapa

JIBU: Hapana, hiyo ni sili, ile raba inayobana shafti ili maji yasiingie kwenye oili, buti hazihusiki. Fungua propela uangalie shafti, nyie wavuvi wa huko mara nyingi ni mshipi umejizungusha pale nyuma ukakata sili ya propela. Utoe wote, badilisha sili na oili, alafu kabla hujaweka oili mpya mwambie fundi aupime mguu kwa upepo. Usitoke nayo hivyo, gia za mle ndani bei yake utalia.