Maswali ya Wasomaji: Majani Yaliyogeuka Sura

Tawi moja la mpilipili hoho wangu limeanza kutoa majani yenye nusu nyeupe na nusu kijani. Matawi mengine hayana tatizo. Ni ugonjwa? Na kama si ugonjwa, naweza kupata miche mingine ya rangi hiyo?

Tazama mpaka wa rangi kabla ya kushika kisu. Ikiwa weupe na ukijani vimekutana kwa mstari mkali, mara nyingi kwenye uti wa jani, na upande uleule wa tawi unatoa weupe jani baada ya jani, huo si ugonjwa. Seli moja kwenye ncha ya chipukizi ilipoteza uwezo wa kutengeneza klorofili, yaani ile rangi ya kijani inayouwezesha mmea kujitengenezea chakula, na seli zote zilizotokana nayo zikarithi upungufu huo. Tawi lako sasa limebeba tishu za aina mbili. Virusi havina nidhamu ya namna hiyo: mabaka yake hufifia kingoni, hutawanyika pande zote za mmea, na jani huwa na vivimbe au hukunjamana.

Usitegemee mbegu, kwani nyingi zitatoa miche ya kijani tu, au myeupe kabisa inayokufa chakula cha ndani ya mbegu kinapokwisha. Njia ni kikonyo, yaani kipande cha tawi kinachochomekwa kitoe mizizi, na siri iko kwenye jicho. Jicho lililokaa upande mweupe litatoa chipukizi jeupe lisiloweza kujilisha. La upande wa kijani litarudi kijani. Unalolitaka ni lile lililokaa mpakani. Kata tawi juu kidogo ya jicho hilo ili liamke, subiri chipukizi lake lifike sentimita 10 hivi, kisha likate chini ya fundo linalotoa jani, ondoa majani ya chini, na ulichomeke kwenye mchanga wenye unyevu, kivulini, ukilifunika kwa mfuko wa plastiki unaopitisha hewa kidogo. Pilipili si mwepesi wa kutoa mizizi. Mpe wiki tatu au nne. Baadaye kata kila chipukizi la kijani tupu mara likitokea, maana lina nguvu zaidi na litalifunika lenzake. Sehemu nyeupe huungua haraka kwenye jua kali la mchana.

Kwa wanaopenda sansevieria, ua la ndani lenye majani marefu yaliyosimama, ile yenye kingo za manjano, jambo ni hilohilo. Ukipanda kipande cha jani lake, mche utakuja bila ule ukingo, kwa sababu chipukizi jipya huzaliwa na tishu za ndani. Gawanya shina lake la ardhini, usikate jani.

Nyanya zangu zote zimetoa majani membamba, yaliyojikunja kama kamba za viatu. Niliweka samadi wiki tatu zilizopita. Je, mbegu zilikuwa na kasoro ya kijeni?

Kasoro ya kijeni haiwezi kupiga shamba zima siku moja. Zikiharibika zote kwa pamoja, shuku samadi. Zikiharibika moja huku na moja kule, shuku virusi. Na kama ni pilipili, majani machanga yamekakamaa na chini yana rangi ya shaba, tafuta utitiri kwa lenzi inayokuza mara 20. Kwa macho matupu hutauona.

Baadhi ya viua magugu vinavyopulizwa malishoni, hasa aminopiralidi na klopiralidi, hupita tumboni mwa mnyama bila kuharibika na hubaki kwenye kinyesi chake. Lundo la mboji nalo huchelewa kuvimaliza. Jaribio lake ni rahisi. Changanya sehemu mbili za samadi na moja ya udongo ulio safi, jaza makopo matatu, na mengine matatu ujaze udongo safi peke yake. Panda maharagwe matatu kila kopo. Kila kopo liwe na kisahani chake, la sivyo maji yatakayochuruzika yataharibu ulinganisho wote. Baada ya wiki tatu linganisha majani: yakijikunja kama kikombe na ncha kupinda kwenye makopo ya samadi tu, jibu umelipata. Samadi hiyo isiguse nyanya, viazi wala jamii ya kunde. Mahindi huivumilia.

Ikiwa ni virusi, hakuna dawa ya kuuponya mmea. Ng'oa, usiutupe kwenye mboji, kisha dhibiti vidukari na nzi weupe. Kwa virusi vya mozaiki ya tumbaku, ambavyo huenea kwa mikono na visu, nawa kwa sabuni na uchovye kisu katika maziwa ya unga yasiyo na mafuta, gramu 200 kwa lita moja ya mchanganyiko. Mvuta sigara anawe kabla ya kugusa mche wowote, kwani hata tumbaku iliyokaushwa huweza kubeba virusi hivyo.

Nimetunza mbegu za nyanya yenye majani mapana kama ya kiazi. Katika miche 12, mmoja una majani yenye meno. Huu ndio uliobadilika?

Hapana, huo ni chotara. Jani la kiazi hutokea pale tu mche unaporithi jeni hiyo kwa wazazi wote wawili. Chavua ya nyanya ya kawaida ikiingia, jani la kawaida hushinda. Uondoe kama unataka mbegu safi. Ukipanda mbegu zake, takriban mche mmoja kati ya minne utarudi na jani la kiazi, lakini usihesabu mpaka jani la tatu au la nne, kwa sababu majani ya kwanza hudanganya. Msimu ujao funga maua kwa kitambaa chepesi kabla hayajafunguka.

Mche wenye majani matatu ya mbegu (yale ya kwanza kabisa kuchomoza) badala ya mawili?

Uache ukue. Kwa kawaida huendelea kama wenzake.